Vidonge vya foliki kwenye sanduku la bibi harusi: mdogo wangu anaolewa Mfunguo Mosi, nipeni mawazo

#1 Bint_Konde (mleta uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi.

Mdogo wangu anaolewa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, inshaallah. Kwetu Konde, Pemba, lakini mie nakaa Fuoni, Unguja, na kwa kuwa niko karibu na soko la Darajani mzigo wa sanduku lake nimetwishwa mie. Kanga nimenunua, udi nimenunua, liwa na marashi yapo, viatu bado ananizungusha na rangi. Sasa kuna kitu chengine nataka kukitia humo ambacho mama akikiona atasema mjini kumenipoteza: vidonge vya asidi ya foliki, ile vitamini.

Nieleze kilichonifikisha huku. Mke wa kaka yangu alijifungua miaka miwili iliyopita, mtoto akaja na uvimbe mgongoni, kifuko chembamba kama ganda la kitunguu, ndani maji. Mgongo wazi. Siku ya pili akapasuliwa hospitali ya Mnazi Mmoja, na haukupita mwezi kichwa kikaanza kukua, akatiwa mpira wa kuteremsha maji tumboni. Yupo, anacheka, anaimba kaswida zote za madrasa ya jirani. Miguu ndiyo haina nguvu, na mkojo hautoki wenyewe, mama yake anamtoa kwa mpira mara nne kwa siku.

Siku ya kuruhusiwa daktari akamwambia wifi, mimba nyengine anza foliki kabla. Wifi akauliza, kabla ya nini? Kabla ya mimba. Akamjibu, "Sasa daktari, mie nitajuaje kama nina mimba wakati sina mimba?" Tulicheka sote pale, daktari naye akacheka, lakini lile swali limenikaa mpaka leo.

Mie mwenyewe nimezaa mara mbili. Mimba ya kwanza nilikwenda kliniki mwezi wa tano, ya pili mwezi wa nne nikajiona hodari. Mara zote mbili nilipewa vidonge, nikaambiwa vya damu, meza kimoja kila siku. Sikuuliza vina nini na hakuna aliyenambia. Watoto wazima alhamdulillah, ila hakuna nilichokifanya mie.

Maswali yangu: mwari aanze lini? Vidonge vipi? Na nani amwambie, mie, mama, au somo yake, yule bi mkubwa anayemfunda? Maana kwetu mambo ya uzazi dada hayazungumzi na mdogo wake.

#2 Kijana_wa_Jangombe

Bwana harusi afungue sanduku akute dawa? Atauliza kama kauziwa mbuzi mgonjwa 😂

#3 Mzee_wa_Malindi

Mama yangu, Allah amrehemu, kazaa kumi na mmoja na kidonge hakijui kikoje. Alikuwa akila mchicha wa nazi, kunde, majimbi, samaki. Nyinyi mnakula chipsi na soda, halafu mnatafuta kopo. Binti, mtilie mdogo wako mbegu za mchicha ende akapande kwake.

#4 Bi_Nesi_Mstaafu

Mzee wangu, hao kumi na mmoja ni waliozaliwa au waliokua? Sikuulizi kwa ubaya. Nimefanya ukunga Unguja na Pemba miaka thelathini na kitu, na kila nikimsikia mtu akisema mama kazaa kumi, moyoni huwa nahesabu na wale waliozikwa asubuhi ile ile.

Bint Konde, wifi yako kauliza swali la maana kuliko masuali yote niliyowahi kuulizwa kliniki. Nikujibu taratibu.

Mtoto anapoanza kuumbwa, ule ubongo na uti wa mgongo vinaanza kama kipande bapa. Kile kipande kinajikunja kama mkeka, kingo mbili zikutane, zishonane kwa urefu wote kama unavyoshona ukili, uwe mrija. Ukibaki wazi chini, ndio mgongo wazi. Ukibaki wazi juu, fuvu halifungi na ubongo hauumbiki, na huyo haishi. Ushonaji huo wote unamalizika kwenye siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa.

Sasa hesabu na mie. Mwanamke mwenye siku zisizoyumba anatazamia damu tarehe 1. Haikuja. Mimba hapo imeshatimia wiki mbili tumboni. Anasema labda uchovu, labda ile safari ya boti. Tarehe 8 anaanza kushuku. Tarehe 15 anamnong'oneza shoga yake. Basi tarehe hiyo hiyo 15 mkeka umeshashonwa, ama umeshonwa vizuri ama umebaki na tundu. Wewe ulikwenda kliniki mwezi wa tano, ukajiona umechelewa. Wa mwezi wa pili naye kwa jambo hili kachelewa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke anayetaka mimba, au anayeweza kuipata, ameze mikrogramu 400 za foliki kila siku tangu anapoanza kujaribu mpaka mimba ifike wiki 12. Nikijibu swali lako la kwanza kwa lugha ya nyumbani: mwari aanze wakati anasingwa. Mwezi mmoja kabla ya ndoa ndio uchache, miwili mitatu ni bora, kwa sababu akiba mwilini haijai kwa siku moja.

Na vile vidonge vya kliniki usividharau. Vina chuma na hiyo hiyo foliki ndani yake, na mimba inakula damu mpaka siku ya kuzaa. Vinafanya kazi yake. Kazi ya mgongo tu ndiyo vinakuta imeshapita.

#5 Mama_Pacha

Bi Nesi, nikiri hapa hapa. Vidonge vya kliniki nilikuwa navitia chini ya godoro. Vinanipa kichefuchefu, choo cheusi, tumbo linafunga. Halafu mama mkwe akanambia vinamkuza mtoto nitakuja kupasuliwa. Mume alipogeuza godoro siku ya kufanya usafi wa Ramadhani akakuta kama shanga.

Hivyo hii foliki nayo iko hivyo hivyo?

#6 Bi_Nesi_Mstaafu

Chini ya godoro, juu ya kabati, kwenye chungu cha maua, nimevikuta kote huko, mwanangu. Kinachokuchafua tumbo na kukutia weusi ni chuma. Foliki peke yake ni kidonge kidogo, hakina ile ladha ya msumari, watu wengi hawasikii chochote. Na mtoto hakuzwi na vidonge vya damu mpaka akwame. Huyo mama mkwe muulize mbona waliokufa kwa kutokwa damu na damu yenyewe ndogo hawasemi.

Samahani, nimekuwa mkali. Nimeona mengi.

#7 Mzee_wa_Malindi

Bado hamjanijibu. Kama hiyo foliki iko kwenye mboga, kwa nini mtu asile mboga?

#8 Msomi_Tunguu

Mzee hoja yako ina mizizi, tena wewe na wagunduzi mko pamoja. Daktari mmoja Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatazama wanawake wajawazito waliokuwa wakipungukiwa damu vibaya sana, wengi wao maskini wa viwanda vya nguo. Chuma hakikuwasaidia. Akawapa Marmite, ile hamira nyeusi ya kupaka mkate, damu ikarudi. Akaandika 1931. Kilichokuwa ndani ya hamira hakikuwa na jina. Mwaka 1941 wataalamu Marekani wakakitoa kwenye majani ya spinachi, wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kwa hiyo foliki maana yake ni "ya jani".

Tatizo ni hesabu. Nusu kikombe cha kunde zilizopikwa ina mikrogramu kama 105. Lakini foliki ya chakula mwili hauichukui yote, ya kidonge inachukuliwa vizuri zaidi, kwa kadirio mikrogramu 1 ya kidonge ukimeza na chakula ni sawa na 1.7 ya chakula. Fanya hesabu: ili kukifikia kidonge kimoja cha 400, mwari anatakiwa ale vikombe vitatu vya kunde na ushei kila siku. Kila siku! Fungate yenyewe itakuwa ya aina gani.

Halafu tunavyopika. Foliki inayeyuka kwenye maji na moto unaiua. Mchicha ukichemsha ukamwaga maji, umemwaga na foliki. Wa nazi unaopikwa haraka na kuliwa na mchuzi wake ni afadhali. Kisamvu ndio kinakaa motoni mpaka kinasahau kama kilikuwa jani.

Na chakula chetu kikubwa ni wali, nao hauna foliki ya kutajika. Wenzetu Marekani tangu 1998 unga wa ngano unatiwa foliki kwa sheria, na Tanzania Bara mwaka 2011 zilitoka kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Ukinunua unga wa chapati soma mfuko, utaona umeandikwa folic acid kama imo. Lakini mtu anayekula wali mchana na muhogo jioni, huo unga unampitia pembeni.

#9 Mzee_wa_Malindi

Vikombe vitatu sawa, nimekuelewa. Kwa kisamvu umenionea.

#10 Ukht_Micheweni

Assalamu alaykum. Mie nataka kusema jambo ambalo wasomi hawalisemi. Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Mpaka ijitokeze. Kuna jicho, kuna husda, na kuna aibu pia, hasa kwa mwari wa juzi. Ukionekana umekaa benchi la kliniki mwezi wa kwanza, mji mzima unajua kabla ya mumeo. Kwa hiyo nyinyi mkisema "wahini kliniki" mnasema na ukuta.

Lakini nikisoma alichoandika Bi Nesi naona hii foliki haigongani na desturi yetu hata kidogo. Si inamezwa kabla? Basi hakuna mimba ya kuificha. Mtu anameza kimya kimya chumbani kwake.

Tatizo liko upande mwengine. Ukimpa mwari vidonge siku za harusi, watu watasema vidonge vya uzazi wa mpango. Mume atasema hivyo. Mama mkwe ndio usiseme. Na akichelewa kushika mimba miezi sita, lawama zote kwenye kopo lako, Bint Konde.

Swali la pili, Ramadhani itakuwaje?

#11 Bint_Konde (mleta uzi)

Ukht umenigusa penyewe. Hilo la uzazi wa mpango sikulifikiria kabisa na sasa nalala nalo.

#12 Bi_Nesi_Mstaafu

Ramadhani ni nyepesi kuliko yote. Kidonge hiki hakina saa. Ameze daku, au baada ya futari, au kabla ya kulala. Akisahau leo ameze kesho, asifidie viwili.

La uzazi wa mpango Ukht kasema kweli, mie limenikuta Wete. Dawa yake ni mume ajue. Si kwa kuomba ruhusa, kwa kuziba midomo. Bwana harusi akijua kwamba ni vitamini ya kumkinga mtoto wake anayemtaka, mama yake akiuliza yeye ndiye atakayejibu. Foliki haizuii mimba, wala haiileti. Isije ikadhaniwa tena kuwa ni dawa ya kutafutia mtoto, maana na hilo lipo, mtu anameza mwezi mmoja, hapati, anaacha.

#13 Famasi_ya_Chake

Nauza dawa Chake Chake, niseme ya dukani.

Anayekuja anauliza vidonge vya damu. Mara chache sana mtu kuniuliza foliki kwa jina, na akiuliza mara nyingi ni mzazi wa mtoto wa siko seli (selimundu). Ile ninayokuwa nayo ni ya manjano, midogo, ya miligramu 5. Hapa ndipo watu wanapopotea. Miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, yaani zaidi ya mara kumi na mbili ya zile 400 alizotaja Bi Nesi. Usikate robo ukasema umepunguza, robo yake bado ni mara tatu.

Ya 5 ina watu wake: aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi kama wifi wa mleta uzi, mwenye sukari, mwenye siko seli, anayetumia dawa za kifafa. Hao wote iwe kwa kauli ya daktari. Kwa mtu mzima wa afya hakuna haja, na kuna mawili ya kuangalia. Kwanza, dozi hiyo kubwa inapunguza nguvu ya SP, zile anazopewa mjamzito kumkinga na malaria. Ile ya 400 haina ugomvi nayo. Pili, ikitumiwa muda mrefu inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12, damu inaonekana sawa huku mishipa ya fahamu inaharibika.

Ya 400 peke yake kwangu haikai, mara nyingi utaipata ndani ya vitamini za wajawazito au ndani ya kidonge cha pamoja na chuma, kile cha kliniki. Huyo mwari kama damu yake ndogo, cha pamoja kitamfaa kwa yote mawili. Kama tumbo lake halikipendi, achukue vitamini, asome nyuma ya pakiti foliki ni 400.

Neno la mwisho kwa wanaotumia dawa ya kifafa iitwayo sodiamu valproeti: hii yenyewe inaongeza hatari ya mgongo wazi kwa kiasi kikubwa. Msiiache kwa kusoma uzi, degedege nalo linaua. Nendeni kwa daktari kabla ya kutafuta mimba, abadilishe yeye.

#14 Kijana_wa_Jangombe

Sasa naomba niwe mtu mzima dakika mbili. Mke wangu ni mgonjwa wa siko seli. Hivyo vidonge vya manjano kavimeza tangu yuko skuli, mie nilidhani ni vya maumivu. Tunataka mtoto mwakani. Ina maana yeye tayari amekingwa?

#15 Famasi_ya_Chake

Kama anameza kila siku bila kuruka, kwa upande wa foliki yuko mbele ya wenzake wote kwenye uzi huu. Kwa upande mwengine mimba ya siko seli si ya kuanzia kliniki ya mtaani. Mpeleke kwa daktari wake sasa, kabla, wazipitie dawa zote anazotumia. Na wewe kapime, ujue kama unabeba vinasaba vya siko seli.

#16 Kijana_wa_Jangombe

Nimepokea. Utani wa mbuzi naufuta.

#17 Mama_Pacha

Bi Nesi, maini je? Mie nikiwa na mimba nilikuwa nakula maini na udongo, mchele mkavu nao nautafuna kama bisi. Watu wakasema maini ndio yenye kila kitu.

#18 Bi_Nesi_Mstaafu

Maini yana foliki nyingi kweli, na chuma. Lakini yana vitamini A iliyozidi, na mimba changa haitaki ziada hiyo. Kabla ya mimba kula kwa kiasi, mimba ikiingia yaache. Udongo na mchele mkavu mara nyingi ni dalili ya damu ndogo, wengine wana na safura inayowanyonya. Ulitakiwa upimwe, hukutakiwa ufichwe.

#19 Bint_Konde (mleta uzi)

Kuna jambo linanikera na sijui nilielekeze wapi. Tangu siku ile daktari aseme foliki, wifi analia peke yake. Anasema ni kosa lake. Kaka yangu naye, Mungu amsamehe, siku moja kagombana naye akamtolea hilo neno. Mwanzo kijijini walisema ni shetani, akaandikiwa kombe akanywa, angalau shetani hakuwa yeye. Sasa kaja daktari kamuondolea shetani, kamuachia lawama. Sijui kipi kizito.

#20 Bi_Nesi_Mstaafu

Mwanangu, soma hii umsomee na yeye, na kaka yako awepo.

Mgongo wazi hauna sababu moja. Kuna mambo ya kurithi, kuna sukari, kuna uzito, kuna dawa, na nyengine hata mabingwa hawaioni. Utafiti mkubwa wa mwaka 1991, uliofanywa kwenye nchi saba kwa wanawake ambao tayari walishazaa mtoto wa namna hii, ulionesha kwamba foliki ya miligramu 4 iliyoanzwa kabla ya mimba iliepusha asilimia 72 ya kujirudia. Mwaka uliofuata Hungaria wakaonesha kuwa hata wasiowahi kupata mtoto kama huyo vitamini yenye foliki inawakinga. Asilimia 72 ni kubwa, lakini tazama na iliyobaki. Wapo waliomeza wakapata. Na mamilioni hawajameza, kama wewe, wakazaa wazima.

Pia yeye hakukataa kumeza. Hakuambiwa. Mie niliyekaa kliniki miaka yote hiyo nikigawa vidonge ndiye niliyekuwa najua. Nilikuwa nawafundisha waliokwishafika kwangu na tumbo. Nani aliniambia niende kwenye nyumba za harusi? Hakuna, na mie sikujiambia. Kaka yako kama anatafuta wa kugombana naye nipo hapa, asimguse mkewe.

Mtoto wake mwambie kafanyiwa vizuri. Upasuaji wa mapema unazuia maambukizo. Zamani watoto hawa tulikuwa tunawavusha bahari kwenda Muhimbili, wengine wanafika wamechelewa, wengine hawendi kabisa kwa kukosa nauli. Hiki kitengo cha upasuaji wa ubongo na mgongo hapo Mnazi Mmoja, kilichojengwa na Wahispania, kimefunguliwa 2014 tu.

Na mimba yake ijayo asiianze bila daktari. Yeye ni wa zile miligramu 5, kuanzia kabla mpaka wiki ya 12. Mdogo wako naye amwambie daktari kwamba mtoto wa kaka yake ana mgongo wazi, aamue yeye dozi ipi.

#21 Mgeni_Wete

Nimejiunga leo kuandika hili tu. Mimi 2009. Hakuwa na fuvu. Walimfunika haraka, sikumuona vizuri. Hakuna aliyenambia kama ni kitu kina jina, kinajulikana, kinawapata na wengine. Nimezaa watatu baada yake bila kumeza chochote, nikiogopa miezi tisa kila mmoja.

#22 Ukht_Micheweni

Mgeni Wete, Allah akufidie kheri. Nikutumie ujumbe pembeni?

#23 Mgeni_Wete

Nitumie.

#24 Mzee_wa_Malindi

Nimesoma vyote, mengine nimeyasoma mara mbili. Nina pingamizi moja iliyobaki na msinicheke. Mnamtia mwari hofu. Msichana anatoka kwao analia, anaingia nyumba ya watu, na nyinyi kwenye sanduku mmemtilia ugonjwa wa mtoto ambaye hajaumbwa. Hilo mimi kama baba silipendi.

#25 Bi_Nesi_Mstaafu

Hapo Mzee una haki na nakuunga mkono. Mambo ya mgongo na fuvu tumeandika hapa kwa sababu sie ni watu wazima. Mwari aambiwe kwa maneno mengine. Somo wake anajua kusema, ndiyo kazi yake: hii ni ya kumtengenezea mtoto mahali, kama unavyosafisha chumba kabla mgeni hajafika. Imetosha. Akitaka kujua zaidi atauliza.

Kwangu mie ndiyo jibu la swali la tatu la mleta uzi. Amwambie somo. Somo anamfundisha usafi, kutumia ubani, kumpokea mume, adabu za nyumba ya ukweni, na mwari hasahau hata moja mpaka anazeeka. Kliniki nilikuwa nawaambia mambo matano, wakifika getini wameshika mawili.

#26 Mama_Pacha

Somo yangu alinifundisha kukunja kanga za mume kwa namna saba. Namna saba! Angenibania moja akaweka foliki.

#27 Msomi_Tunguu

Niongeze kidogo. Si wanawake wote wanaopanga mimba, na aliyeolewa zamani hana somo wa kumrudia. Shirika la Afya Duniani lina pendekezo jengine kwa sehemu ambazo upungufu wa damu umeenea: wanawake wote wanaopata siku zao wapewe kidonge cha chuma na foliki mara moja kwa wiki, chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 2,800. Kidonge cha wiki kinaweza kutolewa hata skuli, wala hakihitaji harusi.

#28 Bint_Konde (mleta uzi)

Narudi na habari, wiki mbili zimepita.

Nimekwenda Konde. Mama nilimueleza jikoni tukiwa tunakuna nazi, nikamtajia mjukuu wake. Akanyamaza mpaka nazi ikesha. Akasema, "Kama ni kwa ajili hiyo mtilie, lakini yasikae juu."

Bwana harusi nilimpigia na mume wangu akiwa pembeni. Kijana muungwana. Kauliza jambo moja tu, kama na yeye anatakiwa ameze. Nikamwambia hapana, kazi yake kumkumbusha.

Mdogo wangu kaenda kwa daktari Chake, kapimwa damu ikawa ndogo kidogo, kaandikiwa vyake, anameza baada ya futari tangu juma la kwanza la Ramadhani. Wifi naye kakubali kwenda, kaka kampeleka mwenyewe.

Iliyobaki ilikuwa somo. Bi mkubwa huyo kafunda nusu ya wari wa Konde, nilikuwa namuogopa kuliko wote. Nikamkalisha, nikamweleza habari ya mkeka na kushona kama alivyosema Bi Nesi. Yeye mwenyewe anashona mikeka. Alinisikiliza, akakishika kidonge, akakinusa, akanirudishia.

Akanambia, "Nina wari wengine wanne mwaka huu. Vinauzwa wapi, na vinamezwa kabla ya chai au baada?"